Pearland: ardhi iliyouzwa mara mbili

Treni ya mizigo inapopita Pearland, mji wa kale unasimama. Kengele inalia, taa nyekundu zinamulika, vizuizi vya mistari myekundu na myeupe vinashuka, na madereva waliokuwa mbioni wanatoa viwiko madirishani wakisubiri. Mabehewa ya matangi yanapita moja baada ya jingine, meusi, yenye kutu kwenye viungo, katika safari zake kati ya viwanda vya mafuta na kemikali vya Ghuba ya Meksiko. Ardhi inatetemeka chini ya viatu. Behewa la mwisho likishapita vizuizi vinainuka, na magari yanavuka reli bila mtu hata mmoja kuitazama.

Mimi nilikwenda pale kuitazama. Reli hiyo ndiyo iliyouzaa mji huu. Watu wa kwetu wanaofika Pearland, kama kilomita 25 kusini mwa katikati ya Houston, hupokewa katika nyumba mpya za matofali upande wa magharibi, wakatembezwa madukani, kisha wakarudi Nairobi au Dar es Salaam wakisimulia kwamba vitongoji vya Marekani havina historia: barabara pana, nyasi zilizokatwa vizuri, nyumba zinazofanana, basi. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi na siikubali. Pearland ina historia nzito. Anayetaka kununua nyumba hapa, na wenzetu wengi wanataka, anapaswa kuijua kabla hajatia saini.

Wakulima wa mipeasi

Mwaka 1882 kampuni ya reli ya Gulf, Colorado and Santa Fe ilitandika hapa njia ya pembeni ya kupishania treni. Mahali penyewe palikuwa mbuga tambarare ya nyasi ndefu, tope wakati wa mvua na nyufa wakati wa kiangazi. Kituo kikaitwa Mark Belt. Posta ilifunguliwa mwaka 1893, na tarehe 24 Septemba 1894 mtu mmoja wa ukoo wa makabaila wa Poland, Witold von Zychlinski, aliwasilisha ramani ya mji mpya katika mahakama ya wilaya ya Brazoria. Walowezi wa hapa walikuwa wakipanda matunda mengi, mipeasi ikiwamo. Zychlinski alipoiona akaamua mji uitwe Pearland, yaani nchi ya mapeasi.

Kampuni ya ardhi ya Allison & Richey ikaanza kuuza viwanja na mashamba, ikiinadi Pearland kuwa bustani ya Edeni ya wakulima. Fikiria familia inayoishi kwenye majimbo ya ndani yenye theluji, inasoma kwamba kuna mahali ambapo matunda yanakua karibu mwaka mzima na treni inapita mlangoni kuyabeba kwenda sokoni. Wakauza walichokuwa nacho, wakaja.

Tarehe 8 Septemba 1900 kimbunga kikubwa kikaingia Galveston, mji wa kisiwani ulio kusini mashariki, safari ya chini ya saa moja kwa gari la leo. Watu wasiopungua 6,000 walikufa, na hadi leo hakuna janga la asili lililoua wengi zaidi katika historia ya Marekani. Upepo na maji havikuishia baharini. Pearland iliangushiwa majengo na miti, na wengi wa wale walioifuata Edeni wakafunga virago. Waliobaki hawakukata tamaa. Mifereji ya umwagiliaji ikachimbwa, mpunga ukapandwa, na kufikia mwaka 1914 treni za abiria 12 zilikuwa zikipita hapa kila siku. Mwaka uliofuata, 1915, kimbunga kingine kikapiga. Mwaka 1918 baridi kali ya kugandisha ikaua sehemu kubwa ya miti ya matunda iliyosalia. Hapo ndoto ya mapeasi ikazikwa.

Niliingia mitaa ya mji wa kale kwa miguu. Majina ya mitaa bado yanaitunza ile ndoto: Orange, Plum, Walnut. Upande wa reli kuna bustani ndogo yenye jina la Zychlinski, na pembeni yake nyumba kadhaa za mbao. Niliinama mbele ya mojawapo nikaangalia chini yake. Nyumba haikugusa ardhi. Ilikuwa imekaa juu ya vigingi vifupi vya matofali na saruji, kama goti la mtu mzima kwenda juu, na chini yake upepo ulipita na paka mmoja wa rangi ya majivu alilala kwenye kivuli, juu ya udongo mkavu. Sakafu ya mbao juu, hewa chini. Mwenye nyumba, bibi wa Kizungu aliyekuwa akimwagilia maua, aliniona nimeinama akasogea, nami nikamsalimu kwa heshima yake na kumwomba radhi. Akacheka, akasema nyumba ile aliiacha marehemu mama yake, na kwamba maji yamefika mara nyingi mtaani lakini sakafu hayajaigusa. “Wazee walijua,” akaniambia.

Ukivuka kwenda mitaa mipya, nyumba zimelazwa moja kwa moja juu ya bamba la zege. Ni rahisi kujenga hivyo, ni haraka, na ndivyo inavyojengwa karibu Texas yote leo. Udongo wenyewe ni ule ule tunaouita kwetu udongo wa mbuga: mweusi, unavimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Ndiyo maana katika kiangazi utawaona watu wa Pearland wakimwagilia kingo za msingi wa nyumba kwa mpira wa maji, wakizuia zege lisipasuke. Mgeni hushangaa kuona nyumba ikimwagiliwa. Mwenyeji anajua gharama ya kutofanya hivyo.

Mpunga, mafuta, anga

Kati ya mipeasi na nyumba za leo kuna miaka mingi ambayo watu huiruka. Mpunga ulienea pwani yote hii. Webster, mji wa jirani, ndiko alikofikia Mjapani Seito Saibara mwaka 1903, na mbegu zake kutoka Japani zikachangia kuinua kilimo cha mpunga cha Texas. Friendswood, mji mwingine jirani ulioanzishwa na Wakristo wa madhehebu ya Quaker, ukawa maarufu kwa tini za kopo. Mwaka 1934 mafuta yakagunduliwa karibu na Pearland, na wakulima wakaanza kuona vibao vya kampuni za mafuta kwenye mipaka ya mashamba yao. Mwaka 1959 Pearland ikasajiliwa rasmi kuwa mji. Sensa ya 1960 ilihesabu wakazi 1,497 tu.

Mwaka 1961 serikali ya Marekani ikachagua eneo la Clear Lake, mashariki kidogo ya hapa, kujenga kituo cha safari za binadamu angani. Wahandisi wakahitaji nyumba. Houston nayo ilikuwa ikitanuka kwa fedha za mafuta, na hospitali zake zikikua. Pearland ikaanza kupata wakazi ambao hawakulima chochote. Hata hivyo ilikuwa bado mji mdogo. Mwaka 2000 ilikuwa na watu 37,640. Mwaka 2010 wakawa 91,252. Sensa ya 2020 ikawahesabu 125,828. Katika miaka ishirini mji uliongezeka zaidi ya mara tatu. Huko ndiko kuuzwa mara ya pili.

Barabara ya 288

Ukitaka kuelewa mauzo hayo ya pili, panda barabara kuu namba 288 alfajiri. Saa kumi na moja na nusu foleni imeshaanza kuelekea kaskazini. Ndani ya magari kuna watu waliovaa sare za hospitali, za buluu, za kijani na za zambarau, vikombe vya kahawa mkononi. Barabara hii inawafikisha moja kwa moja Texas Medical Center, mkusanyiko wa hospitali na vyuo vya tiba mkubwa kuliko wote duniani. Mwezi Novemba 2020 ziliongezwa katikati yake njia za kulipia, na aliyechelewa zamu hulipa ili apite.

Dada aliyenikaribisha ni mtu wa Moshi, muuguzi wa zamu za usiku. Alikodi chumba karibu na hospitali kwa miaka, akasomesha wadogo zake, akajengea wazazi nyumbani, kisha akanunua nyumba Pearland. Nilipomuuliza kwa nini hapa, alinijibu huku akisonga ugali wa unga mweupe wa mahindi: “Kaka yangu, shule nzuri, kazini nusu saa, na nyumba ya vyumba vinne naimudu. Mjini kwa fedha hiyo hiyo ningepata viwili.” Hesabu yake ndiyo hesabu ya maelfu. Muuguzi wa Kifilipino, mhandisi wa Kihindi, mfamasia wa Kinijeria, mwalimu Mmarekani mweusi aliyekulia kusini mwa Houston, wote wamepiga hesabu hiyo hiyo wakaangukia hapa. Leo hakuna kundi moja la asili au rangi linalofikia nusu ya wakazi.

Upande wa magharibi wa 288 palikuwa na mashamba ya mpunga na malisho. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 pakaanza kujengwa Shadow Creek Ranch, mradi wa maelfu ya nyumba, shule, maduka na mabwawa. Julai 2008 yakafunguliwa maduka ya Pearland Town Center. Mwaka 2018 kampuni ya Lonza ya Uswisi ikafungua hapa kiwanda kikubwa cha kutengeneza tiba za jeni. Zychlinski aliuza ardhi kwa ahadi ya matunda. Warithi wake wameuza ardhi ile ile kwa ahadi ya shule, usalama na dakika chache za kufika kazini. Ahadi ya pili imetimia kwa kiasi kikubwa kuliko ya kwanza, na lazima tuseme hivyo kwa haki.

Ila kila ahadi ina bei, na bei ya hapa imefichwa mahali ambapo mgeni hatazami. Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo, na wenzetu huisifia sana habari hiyo. Fedha za shule, barabara na mifereji hutoka kwenye kodi ya majengo, na kodi hiyo ni nzito. Zaidi ya hayo, maeneo mengi mapya yana wilaya maalum ya maji na mitaro, chombo kinachokopa fedha kwa hati za dhamana ili kujenga mabomba, barabara na mabwawa kabla nyumba hazijauzwa. Deni hilo hulipwa na watakaonunua, mwaka baada ya mwaka, ndani ya bili ya kodi. Juu yake kuna ada ya chama cha wenye nyumba, kinachoamua mpaka rangi ya uzio. Nyumba mbili za bei moja, zilizotenganishwa na barabara tu, zinaweza kuwa na kodi zinazopishana kwa maelfu ya dola kwa mwaka. Nimekaa na familia ya Wakenya iliyogundua hilo baada ya kuhamia. Baba wa nyumba alinionyesha bili mezani, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akasema, “Huu mstari hakuna aliyetuambia.” Mkewe akaongeza kwa upole, “Na sisi hatukuuliza, baba.”

Maji

Jioni moja dada alinipeleka kutembea kando ya ziwa la mtaa wao. Katikati lilikuwa na chemchemi ya kurusha maji, pembezoni njia ya saruji, na mabata waliozoea watu. Yangeyange weupe walisimama kwenye kina kifupi bila kutikisika. Watoto waliendesha baiskeli. Ukisogea ukingoni unaona mdomo wa bomba la zege, mpana kiasi cha mtoto kuingia amesimama, umezibwa kwa nondo, na juu yake alama ya mstari wa matope makavu uliopanda hadi karibu na njia ya kutembea. Ule mstari ndio ulionifungua macho. Ziwa lile limechimbwa. Kazi yake ni kupokea mvua ya mtaa mzima, kuishikilia, na kuiachia polepole kuelekea kijito cha Clear Creek ili isizamishe wengine walio chini. Uzuri wake ni wa ziada. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, na Pearland nzima inaelea kwa mabwawa kama haya.

Mji upo kama mita 15 tu juu ya usawa wa bahari, na ardhi haina mteremko. Julai 1979 tufani ya Claudette ilimwaga karibu na Alvin, mji jirani wa kusini, zaidi ya milimita 1,000 za mvua ndani ya saa 24, rekodi iliyotikisa Marekani nzima. Mvua hiyo inakaribia kiasi kinachonyesha Dar es Salaam kwa mwaka mzima. Juni 2001 tufani ya Allison ikazamisha vyumba vya chini vya hospitali za Houston, ikakata umeme na kuharibu miaka ya utafiti. Baada yake hospitali zikajifungia milango mizito ya kuzuia maji, kama ya nyambizi. Agosti 2017 kikaja kimbunga Harvey, kikakaa juu ya eneo hili kwa siku kadhaa kikimwaga mvua.

Dada alikuwa zamu Harvey ilipofika. Walioingia kazini hawakuweza kutoka, na waliokuwa nyumbani hawakuweza kuingia, maana 288 ilijaa maji sehemu zilizo bondeni. Walilala kwa zamu kwenye viti na vitanda vya wagonjwa. “Milango ile ilishika,” aliniambia. “Nje ni mto, ndani wodi zimekauka. Nilimshukuru Mungu na nikawashukuru waliojifunza kutoka kwa Allison.” Nyumbani kwake maji yaliishia kwenye hatua ya mlango. Mitaa mingine ya Pearland haikubahatika. Familia zilitolewa kwa boti, na wiki zilizofuata kando ya barabara palikuwa na malundo ya mazulia, magodoro na mbao za ukuta zilizolowa. Katika eneo zima la Houston nyumba nyingi zilizofurika zilikuwa nje ya maeneo ambayo ramani za serikali ziliyachora kuwa ya hatari. Wenye nyumba hao hawakulazimishwa na benki kukata bima ya mafuriko, na bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko.

Februari 2021 gridi ya umeme ya Texas ilielemewa na baridi, mabomba yakapasuka, na watu wakafa kwa baridi majumbani mwao katika jimbo lenye nishati kuliko yote. Julai 2024 kimbunga Beryl kikawaacha wateja zaidi ya milioni mbili wa eneo la Houston bila umeme katikati ya joto kali. Kilichowafukuza wakulima wa mipeasi hakijaondoka. Kilichobadilika ni kwamba sasa tuna mabwawa, sheria na bima, na vyote vitatu vinahitaji watu wa kuvisimamia.

Kengele, nazi na mpira

Katika barabara tulivu ya McLean, baada ya viwanja vya nyumba na miti ya mialoni, ghafla unaona minara myeupe iliyochongwa miungu na wanyama. Ni hekalu la Sri Meenakshi, lililojengwa na Wahindi wa kusini waliofika Houston mapema kama wahandisi na madaktari, likaanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1980, Pearland ikiwa bado mji mdogo. Mtu aliyezoea mahekalu ya mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, hatapotea. Viatu nje, maua ya jasmini, nazi zinapasuliwa, kengele inagongwa. Nilikula mkate mwembamba wa mchele na dengu katika mkahawa wao, nikiwa nimezungukwa na familia zilizotoka mbali kuja kubariki magari mapya na watoto wachanga. Waliojenga hapa hawakungoja mji ukue ndipo wawe na mahali pao. Walijenga, mji ukawafuata.

Makanisa ya Wanijeria nayo yamejaa Jumapili, na maduka yao yanauza mihogo, ndizi za kupika na nyama ya mbuzi. Waswahili ni wachache zaidi, wametawanyika, wengi wao Wakenya na Watanzania wa kazi za hospitali. Wakongo wengi waliokuja kama wakimbizi, wenye Kiswahili cha Kivu, wanaishi katika nyumba za kupanga kusini magharibi mwa Houston au Fort Worth, na ni hivi karibuni tu baadhi yao wameanza kuzungumzia kununua nyumba vitongojini. Mikusanyiko yetu ni ya misiba, harusi na michango. Tunakutana, tunakula pilau, tunachangia, tunatawanyika.

Kinachowakutanisha watu wote wa Pearland ni michezo ya watoto. Timu ya besiboli ya vijana wadogo ya hapa imefika mashindano ya dunia ya umri huo mwaka 2010, 2014, 2015 na 2022, na mji unaikumbuka miaka hiyo kwa moyo mmoja. Nilikaa kwenye ngazi za mabati za uwanja mmoja, nikamwona mtoto wa Kitanzania akisubiri zamu ya kupiga mpira, kofia imemfunika nyusi. Babu yake aliyekuja kutembea kutoka Tanga aliniuliza sheria za mchezo nami sikuzijua zote. Mzazi wa Kimeksiko aliyekaa mbele yetu akageuka na kumweleza mzee taratibu, kwa mikono na kwa Kiingereza chepesi, mpaka akaelewa. Mtoto alipofika kituo cha kwanza salama, mzee alisimama na kupiga vigelegele uwanja ukageuka.

Makaburi ya barabara ya Cullen

Kuna mahali ambapo mwenyeji wangu hakuwahi kufika japo hupita karibu yake kila wiki. Ni Houston Memorial Gardens, makaburi yaliyo Pearland, ambamo familia nyingi za Wamarekani weusi wa Houston huzika watu wao. Hapa ndipo alipozikwa George Floyd tarehe 9 Juni 2020, kando ya mama yake, aliyekuwa akimwita wakati polisi wa Minneapolis akimkandamiza shingo kwa goti tarehe 25 Mei. Floyd alikulia Third Ward, mtaa wa kihistoria wa weusi ambao 288 inaupita ikielekea mjini. Siku ya maziko watu walijipanga kando ya barabara katika jua kali, na maili ya mwisho jeneza lilivutwa kwa gari la farasi weupe.

Tulikwenda naye Jumamosi asubuhi. Dada alivaa kanga mabegani. Tulitembea kati ya vibao vya shaba vilivyolazwa kwenye nyasi, tukasoma miaka ya kuzaliwa na kufa, tukanyamaza. Kisha akaniuliza watu hawa wote walitoka wapi, na nikaona ni swali ambalo kila Mwafrika anayenunua nyumba hapa anapaswa kuliuliza.

Brazoria ilikuwa wilaya ya mashamba makubwa ya miwa na pamba. Sensa ya 1860 ilionyesha kwamba watumwa hapa walikuwa wengi kuliko watu huru. Tangazo la Lincoln la kuwaweka huru lilianza kutumika tarehe 1 Januari 1863, lakini Texas ilingoja hadi tarehe 19 Juni 1865, Jenerali Gordon Granger alipotoa amri yake Galveston. Sisi wa Zanzibar na Bara tunaufahamu ucheleweshaji wa namna hiyo: soko la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaendelea visiwani hadi 1897. Walioachwa huru Houston walichanga fedha, na mwaka 1872, chini ya viongozi kama mchungaji Jack Yates, wakanunua ekari 10 huko Third Ward ili wawe na mahali pao pa kuadhimisha uhuru. Eneo hilo ni Emancipation Park, lipo hadi leo. Wengine walikamatwa kwa makosa madogo na kukodishwa na magereza kwa mashamba ya sukari. Mwaka 2018, huko Sugar Land katika wilaya ya jirani, wajenzi wa shule walifukua mabaki ya watu 95 waliokufa katika kazi hiyo na kusahauliwa. Tarehe 19 Juni ikawa sikukuu ya taifa zima mwaka 2021.

Wamarekani weusi walihamia Pearland kwa wingi katika miongo ya karibuni, wengi kutoka mitaa hiyo ya kusini mwa Houston. Walikuja kutafuta shule na utulivu baada ya vizazi vingi vya kunyimwa vyote viwili. Milango ambayo muuguzi wa Moshi anapita leo, ya benki kumkopesha na jirani kumkubali, ilifunguliwa na mapambano yao. Ni aibu kwetu kuishi karibu na makaburi yao tusijue majina, na ni aibu zaidi tunaporudia, kama wengine wetu wanavyofanya, maneno ya kuwadharau.

Hukumu yangu juu ya Pearland ni ya heshima. Ni mji uliofanya kazi ngumu ya kuwaweka pamoja watu wa asili nyingi kwa amani, unaosomesha watoto vizuri, na unaopambana na maji kwa akili. Si Edeni, na wote waliouza ardhi yake kwa ahadi hiyo waliacha wanunuzi wajionee wenyewe. Wakulima wa 1894 hawakuwa na rekodi ya mvua ya kusoma wala ramani ya mafuriko ya kuangalia. Sisi tunavyo.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayepanga kununua nyumba hapa au kitongoji chochote cha Houston: muulize muuzaji nyumba ilifikiwa na maji mwaka gani, na usiridhike na ramani peke yake, waulize majirani wa pande zote mbili. Kata bima ya mafuriko hata kama benki haikulazimishi. Omba bili ya kodi ya mwaka uliopita, usome kila mstari. Ukishahamia na ukawa raia, piga kura Mei wanapochagua wajumbe wa halmashauri ya jiji, kwa maana hao ni miongoni mwa wanaoamua mfereji upi usafishwe na bwawa lipi lichimbwe, na kura zinazopigwa huwa chache kiasi kwamba familia chache zinaweza kubadili matokeo. Na tarehe 19 Juni, kabla ya kuwasha mkaa wa nyama choma, wapeleke watoto wako Emancipation Park wakaone ekari 10 zilizonunuliwa na watu waliokuwa wametoka utumwani miaka saba tu nyuma.